Naomba ushauri: kazi Malindi mjini, nyumba ndani ya Msabaha

Mwana wa Kaskazi
Asalaam aleikum jamani. Nafanya kazi Malindi mjini, naingia saa mbili asubuhi, natoka saa kumi na moja, siku nyingine saa moja usiku. Kuna nyumba ya kupanga ndani ya Msabaha, kilomita 3 kutoka lami. Kuta za udongo, paa la makuti, hakuna stima wala mfereji, kisima kiko kwa jirani. Tuko wanne. Kodi ni nafuu mno, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Nikague nini kabla ya kulipa?

Bint Sabaki
Waaleikum salaam kaka. Mji si mbali, kilicho mbali ni hizo kilomita 3. Matatu za Gede na Mombasa hupita hapo barabarani mchana kutwa, lakini baada ya Magharibi abiria hupungua, na gari husubiri lijae ndipo litoke. Kwa hiyo jioni mbili za kazi panda matatu saa moja usiku kana kwamba tayari unakaa huko, shuka Msabaha, tafuta boda wa kukuingiza ndani. Ukimkosa, au akikutajia bei ya kukukomoa, jibu umelipata kabla hujatoa hata shilingi ya kodi.

Ukiamua pikipiki yako, hesabu kilomita 30 kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa siku 24 ni 720, na pikipiki ya cc 125 hunywa kama lita 2 na nusu kwa kilomita 100, yaani lita 18 kwa mwezi. Mnyororo usiupake girisi nzito. Hushika mchanga, ukawa msasa unaokula meno. Futa kwa kitambaa, tia oili nyepesi, futa tena iliyozidi.

Fundi Fito
Nenda na msumari wa inchi 4. Uchomeke kwenye kila nguzo, vidole viwili juu ya ardhi. Ukizama kama kwenye mkate, mchwa wameshamaliza ndani hata kama udongo wa nje umepigwa vizuri. Tazama pia vijinjia vya udongo vinavyopanda ukutani mpaka kwenye kombamoyo, miti inayobeba paa.

Halafu ingia ndani saa sita mchana, funga milango na madirisha, inua kichwa. Kila nukta ya mwanga ni tone la masika. Nukta chache mgongoni mwa paa si neno, hapo huongezwa makuti. Zikitapakaa kote, paa limechoka, na makuti hukaa miaka 3 hadi 5 tu. Mwulize mwenye nyumba liliezekwa lini, kisha muulize na jirani. Paa lililolala nalo usilichukue, maji hayateremki upesi na makuti huoza. Jiko la kuni liwe mbali na nyumba, na upande ambao upepo wa kusi hautapeleka cheche kwenye makuti.

Tangi la Mvua
Maji ndiyo yatakayowarudisha mjini. Onja ya hicho kisima, kisha osha mikono kwa sabuni ya kipande. Isipotoa povu, ni maji ya kufulia kwa taabu. Uliza yanakuwaje mwezi wa pili na wa tatu, maana ukame ukikaza na watu wakizidi kuteka, visima vingi vya pwani huzidi chumvi.

Watu wanne hutumia kama lita 160 kwa siku, mitungi 8. Ya kunywa na kupikia ni 25 hivi, basi siku 90 za kiangazi zinataka lita 2,250. Tangi la 2,500 la kuvunia mvua linatosha. Likijaa lina uzito wa tani mbili na nusu, usiliweke juu ya mchanga mtupu, piga zege. Tatizo ni makuti: maji yake hutoka rangi ya chai. Ng'oa, weka mabati.

Fundi Fito
Kung'oa? Nyumba ya kupanga? Halafu mchana walale wapi, hilo joto lote! Aezeke mabati bandani tu, jikoni.

Tangi la Mvua
Sawa, tuhesabu. Banda la mita 4 kwa 3 ni mita 12 za mraba. Mvua ya milimita 20 inatoa lita 240, toa moja ya tano inayopotea, zinabaki 190 hivi. Tangi litajaa kwa milimita 260, na hizo si za wiki moja. Basi lisimame kabla ya Aprili. Mfereji wa paa ushuke sentimita 1 kila mita 2. Mvua ya kwanza mwaga mtungi mzima, ina vumbi na mavi ya ndege.

Mama Kuti
Nyinyi mnahesabu paa, mmesahau shamba. Huku kwetu ardhi inaweza kuwa ya huyu na minazi ya yule. Mwanangu, iandikwe kwenye mkataba: nazi za nani, maembe ya nani, nani ana ruhusa ya kupita uani. Ulizia pia kama minazi inagemwa pombe. Na kabla ya kuhamisha godoro, nenda kwa mzee wa kijiji ukajitambulishe, wewe na mkeo.

Mwana wa Kaskazi
Shukran nyote. Mama Kuti, minazi mitatu iko karibu na dirisha la watoto, na mmoja una kibuyu juu. Mgema hupanda saa ngapi?

Mama Kuti
Alfajiri na jioni. Mkiona mtu kileleni kiza hakijatoka, msipige kelele za mwizi. Mwenye nyumba akujulishe kwake mapema. Nazi kavu zilizo juu ya dirisha mwambie mkwezi aziangushe kabla watoto hawajahamia.