Wadau wa Marekani, mnajuaje nyumba ya wazee ni nzuri kweli na siyo mapambo ya mapokezi?

Binti_Pangani:
Wakuu habari za wikendi. Baba mkwe wangu kapigwa kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu kabisa, hospitali wanataka kumtoa na nyumbani hatutamudu, mume wangu yuko barabarani na lori na mimi ni mkwe, kumwogesha mzee haiwezekani na mwenyewe hataki hata kusikia. Tumepewa orodha ya nyumba za wazee hapa Houston tuchague haraka. Moja nimeenda, mtandaoni ina nyota tano, mapokezi kuna piano na maua, lakini korido ya nyuma harufu ya mkojo ilinikaba. Nyingine ina nyota tatu, jengo la zamani, sijaingia bado. Nyie mnaofanya kazi humo ndani, niangalie nini hasa? Na za kwamba natupa wazee nimeshaambiwa, msirudie.

NesiWaUsiku:
Pole sana dada. Nimekuwa CNA, yaani msaidizi wa manesi, kwenye hizi nyumba kabla sijasomea unesi. Hizo nyota tano usizimeze hivyo hivyo, nyota ya jumla wanaianzia kwenye ukaguzi halafu wanaongeza au kupunguza kwa idadi ya wafanyakazi na vipimo vya afya za wakazi, na hivyo vipimo vingi nyumba inajijazia yenyewe. Ingia Care Compare, tovuti ya Medicare (bima ya serikali ya wazee) inayotoa hizo nyota, fungua ndani, soma nyota ya UKAGUZI peke yake. Hiyo inatoka kwa wakaguzi wa jimbo, wanakuja bila taarifa na miezi 15 haitakiwi ipite hawajafika. Na wanalinganisha Texas kwa Texas, asilimia 10 za juu ndo zinapata tano, kwa hiyo tatu ya ukaguzi siyo mbaya kivile. Ukiona alama ya mkono mwekundu ujue pana kesi ya unyanyasaji, hapo mimi nafunga ukurasa.

Kaka_Mtoro:
Ongezea fomu 2567, ndo ripoti yenyewe ya wakaguzi, sheria inataka iwekwe mahali mtu anaisoma bila kuomba. Kila kosa lina herufi A mpaka L, J K na L ni mtu alikuwa kwenye hatari ya papo hapo. Ila soma maelezo, friji kutoandikwa joto na mzee kukutwa na kidonda cha mgongo kilichofika mfupani siyo kitu kimoja

Shangazi_Minnesota:
Haki enda Jumapili jioni na usipige simu. Ile ziara ya katikati ya wiki saa nne asubuhi ni ya picha tu. Wikendi ndio wafanyakazi wanapiga simu ati ni wagonjwa, unabaki wewe na korido mzima, mimi nimefanya hizo shifti najua. Karatasi ya wafanyakazi wa siku lazima ibandikwe, isome halafu tembea uone kama hao watu wako kweli. Keti kwa chumba cha kula. Yule hawezi kujilisha, kuna mtu kando yake ama sahani inawekwa na kuchukuliwa ikiwa imejaa? Na angalia kengele ya kuita nesi iko mkono gani. Mtu wa kiharusi wanamwekea kengele upande umekufa, anaita na macho tu usiku wote.

mtuwapwani:
Harufu peke yake isikutishe, wazee wanajisaidia

NesiWaUsiku:
@mtuwapwani kweli, ila kuna ya sasa hivi na kuna iliyoganda kwenye zulia. Na panaponukia pafyumu kupita kiasi mi nashtuka zaidi.

Wakili_Uchwara:
Kwenye kusaini mumeo awe macho, asiweke sahihi kama mdhamini wa kulipa kwa hela yake, nyumba inayopokea Medicare au Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) hairuhusiwi kumlazimisha ndugu. Ile karatasi ya kukubali kesi zisiende mahakamani nayo siyo sharti la kupokelewa, mnaweza kuikataa. Pia Medicare siyo ya kukaa moja kwa moja, siku 20 za kwanza inalipa yote, kisha mnachangia, mwisho siku 100. Baada ya hapo ni mifuko yenu au Medicaid.

Binti_Pangani:
Jamani nimefungua, nimechoka! Zote mbili ukaguzi ni nne. Ile ya piano wafanyakazi ina mbili, imebebwa na vipimo tano. Ya jengo la zamani wafanyakazi nne ila vipimo moja ndo imeshushwa.

NesiWaUsiku:
Umeona sasa. Mimi hapo naegemea la zamani, ila kwanza fungua hivyo vipimo uone ni kipi kimewashusha. Kama ni vidonda vya kulalia au dawa za akili kupewa watu hovyo, achana nao. Kama ni wengi kurudishwa hospitali muulize mkuu wa manesi, wengine wanapokea wagonjwa wazito ambao wenzao wanawakataa. Atakavyokujibu utajua.

Shangazi_Minnesota:
Na mzee anaongea lugha gani siku hizi?

Binti_Pangani:
Kiingereza alikuwa nacho, tangu augue anarudi Kiswahili tupu

Shangazi_Minnesota:
Basi uliza kama kuna CNA Mswahili, Houston Wakongo ni wengi. Asipokuwepo bandika karatasi ukutani, maji, choo, naumwa, nasikia baridi, na Kiingereza chake kando. Andika kubwa.

Binti_Pangani:
Asante shangazi naiandika leo. @NesiWaUsiku nakuja inbox na majina ya hizo nyumba.