Msaada: milima ya Nandi imeyeyuka, na mabehewa yangu yamepakwa bizari

Taruma_la_Kibos (Kisumu)

Hamjambo wapenzi wa reli. Naandika nikiwa na hasira kidogo, mnisamehe.

Mwaka mzima sasa najenga reli ndogo juu ya mlango mkuukuu niliolaza kwenye meza mbili sebuleni. Mama watoto mwanzoni aliuita "lile kaburi", siku hizi ananiletea chai hapo hapo. Nimeiga kipande cha Muhoroni hadi Kisumu: miwa huku na huku, ukuta wa milima ya Nandi kwa nyuma, Chemelil, Miwani, Kibos, kisha gati la ziwani. Treni ni seti ya mtumba ya kipimo cha 1:87 (kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko halisi) ambayo shemeji alinitumia kutoka Marekani: injini moja ya dizeli na mabehewa sita.

Milima niliichonga kwa ile foamu nyeupe inayokuja na friji. Siku tatu nachonga na kisu cha mkate. Nikachukua rangi ya spreyi ya kahawia, nikapuliza. Nikasikia kama kitu kinachemka. Kabla sijaweka mkebe chini, Nandi ilikuwa bonde.

Nikasema basi, nifanye mabehewa. Yalikuwa mapya mno, yanang'aa kama sahani za harusi. Nikachanganya rangi ya chungwa na kahawia, nikapaka kutu kila mahali. Yakawa kama yamepakwa bizari. Jioni yake, mvua ikiwa imeisha tu, nikapuliza vanishi isiyong'aa ili nifunge kazi. Asubuhi nimekuta mawili yamefunikwa na ukungu mweupe ambao haufutiki.

Naomba ushauri kwa yeyote aliyepitia haya. Pia nataka kujua kama udongo wa shambani unaweza kutumika, maana hapa Kibos ni bure.

NjiaPanda (Nakuru)

Pole sana kaka, ila nimecheka hilo la Nandi. Sote tumeyeyusha mlima. Zile spreyi zina kiyeyusho kinachokula foamu, na gundi ya viatu inafanya vivyo hivyo. Thina usiisogeze karibu kabisa.

Chonga upya, kisha funika foamu yote kwa vipande vya gazeti vilivyoloweshwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, matabaka mawili au matatu. Yakikauka, paka plasta nyepesi juu. Baada ya hapo tumia rangi ya maji ya ukutani, ile ya kawaida. Usijaribu kubana matumizi kwa uji wa unga wa ngano badala ya gundi. Mimi nilijaribu. Mende wa Nakuru nzima walihamia Mau Summit yangu.

Na Nandi usiichonge kama chungu kilichofunikwa. Ukisimama Miwani ukatazama kaskazini unaona ukuta mrefu, una mikunjo mikunjo, kijani kilichofifia kwa juu na bluu kidogo kwa mbali. Changanya nyeupe kidogo kwenye rangi ya milima ya nyuma, itasogea mbali yenyewe.

KutuMzee (Nakuru)

Nimefanya kazi ya kukagua mabehewa miaka 19 kabla ya kustaafu, na haya ya kuchezea ndiyo yananifanya nisigombane na wajukuu. Sasa nisikilize, kijana.

Kutu haipakwi kila mahali. Kutu ina anwani. Inaanza pale maji yanapolala: ukingo wa chini wa mlango, chini ya bawaba, kwenye kichwa cha ribiti, kwenye maungio ya paa. Inatoka hapo na kushuka wima, mchirizi mwembamba unaofifia ukienda chini. Sijawahi kuona kutu ikitembea kwa upande.

Halafu rangi. Kutu ya zamani ni kahawia nzito, karibu nyeusi. Ile ya chungwa ni ya juzi, ni doa dogo tu katikati ya ile nzito. Wewe umefanya kinyume. Anza na kahawia nzito, chovya brashi, ifute kwenye kitambaa mpaka uone kama haina rangi tena, ndipo uiburuze kwenye kingo za behewa. Ya chungwa weka kwa ncha ya kijiti cha meno. Ukiona imependeza, acha hapo hapo.

Tazama pia mahali pasipo na kutu. Kile kishikio anachoshika mtu akipanda kinang'aa chuma kitupu, kwa sababu ya mikono. Kuna maandishi ya chaki ya wakaguzi, tarehe na alama, mengine yamefutika nusu. Kama unaiga miaka ya mwisho ya sabini, weka herufi EAR (East African Railways, reli za Afrika Mashariki) zilizopauka zikichungulia chini ya rangi mpya, maana shirika la pamoja lilivunjika 1977 na mabehewa hayakupakwa upya siku moja. Ukitengeneza tangi la molasi, lisiwe na kutu nyingi, bali michirizi myeusi inayong'aa kutoka kwenye kifuniko cha juu, na vumbi limenasa juu yake.

Sasa vumbi, ambalo watu wengi hawalifikirii. Behewa linabeba rangi ya njia liliyopita. Likishuka kutoka huku Nakuru linakuja na vumbi jepesi la kijivu, na kule Londiani na Kipkelion linaongezewa jekundu. Likifika kwenye uwanda wa Kano, matope meusi yanarukia sehemu ya chini tu, karibu na magurudumu. Uso wa gurudumu nao, ule wa ubavuni, upake kahawia. Kwa hiyo sehemu ya chini ya behewa lako lazima ifanane na udongo uliomwaga kando ya reli yako. Zikitofautiana, jicho linajua hata kama mwenye jicho hajui.

Vumbi lenyewe ni chaki za rangi ukizikwangua kwa wembe upate unga. Paka kwa brashi laini. Ukipuliza vanishi juu, nusu ya unga itaonekana kama imepotea, kwa hiyo zidisha kidogo kabla ya kupuliza.

Ule ukungu mweupe ni unyevu. Umepuliza hewa ikiwa na maji. Ngoja siku kavu, saa sita mchana, puliza tabaka jembamba sana la vanishi ile ile. Mara nyingi inasafika.

MamaShinyalu (Kakamega)

Heshima kwako mzee, lakini kwa udongo sikubaliani na wote wanaosema "chota tu shambani". Nilichota. Kwanza, gundi inaufanya uwe mweusi zaidi na haurudi rangi yake ukikauka, kwa hiyo chagua udongo uliopauka kuliko unavyotaka. Pili, ule mweusi wa Kano unapasuka ukikauka. Unadhani ni uzuri, kumbe kwa kipimo cha 1:87 ufa wa milimita 3 ni mtaro wa sentimita 26. Ng'ombe mzima anavunjika mguu.

Kama lazima, ukaange kwenye sufuria kuukuu mpaka wadudu na mbegu zife (mimi niliotesha majani halisi karibu na stesheni), uponde, uchekeche kwa kichungi cha chai. Kisha pitisha sumaku iliyofungwa kwenye karatasi, maana udongo wetu una chembe za chuma, na zikiingia kwenye mota ya injini umekwisha.

Kokoto za reli ni hivyo hivyo. Chembe ya mchanga ya milimita 1 kwako ni jiwe la sentimita 8.7, yaani ngumi. Chekecha mpaka ipite ile ndogo ya nusu milimita. Panga kwa brashi kavu kati ya mataruma (vile vipande vinavyolazwa chini ya reli), nyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo, ndipo udondoshe gundi iliyozimuliwa kwa bomba la sindano. Bila sabuni, gundi inajiviringa kama shanga na kuondoka na kokoto zako.

Miwa: nyuzi za mkonge zilizopakwa kijani kibichi, zikatwe urefu wa sentimita 3 hivi, zichomekwe kwa vishada. Ncha zake ziguse na manjano kidogo. Ni kazi ya majuma, weka redio.

SalimKilindini (Mombasa)

Jamani, hakuna aliyeona? Reli yake ina upana wa 16.5 mm. Kwa 1:87 hiyo ni mita 1.435, na njia ya Kisumu ni ya mita moja tangu ilipofika ziwani 1901. Mtu wa reli ataona.

NjiaPanda (Nakuru)

Salim, mtu wa reli gani atakuja sebuleni Kibos na rula?

SalimKilindini (Mombasa)

Mimi ningekuja. Lakini nisikilizeni, kuna njia. Aseme tu kipimo chake ni 1:64. Hapo 16.5 mm inakuwa mita 1.06, karibu kabisa. Behewa la Kimarekani la futi 40 linakuwa la mita 9 hivi, halitii aibu. Na vile vigari vya chuma vya watoto vingi ni karibu na 1:64, kwa hiyo anapata matatu na malori ya miwa bei ya sokoni. Ila watu na nyumba avikuze.

Mtoto_wa_Gati (Kisumu)

Omera, karibu sana jirani. Kwa gati nina mawili tu. Usijenge MV Uhuru nzima, ile inabeba mabehewa 22, itakula mlango wote na kitanda. Jenga ile ngazi ya kuingilia na mdomo wa meli tu, mengine yaishie ukingoni.

La pili, ziwa letu usilipake bluu. Hapa ghubani ni kahawia-kijani, zito kama chai ya maziwa iliyosahauliwa. Paka ubao hivyo, kisha vanishi inayong'aa, tabaka juu ya tabaka. Ukitumia epoksi (ile gundi angavu ya kumimina, inayoganda) mimina kidogo kidogo, ukimimina nzito inapata joto na kupasuka. Gugumaji ni sifongo la kijani la kuoshea vyombo, lisage kwa kichungio cha karoti, limwage karibu na gati mpaka uone karaha. Hapo ndipo litafanana.

Taruma_la_Kibos (Kisumu)

Nimerudi baada ya wiki tatu. Mzee, ukungu ulitoka kwenye behewa moja lote. Kwenye la pili umebaki kona moja, nikaupaka unga wa chaki ya kijivu, sasa ni vumbi la Nakuru. Nilikwenda nikasimama nje ya uzio wa stesheni, nikatazama behewa moja bovu kwa dakika arobaini mpaka askari akaja kuniuliza kama nimepotelewa na kitu. Ni kweli, kutu yote ilikuwa chini ya mlango.

Nandi imesimama tena, gazeti na plasta. Salim, nimehamia 1:64, mwanangu ameshaegesha lori lake Chemelil.

Tatizo jipya: lile behewa nililolipendezesha kuliko yote linaruka njia kila likifika kona ya Miwani, na injini nayo inazimikazimika. Magurudumu nimeyapaka kahawia vizuri kabisa, mzee, kama ulivyosema.

KutuMzee (Nakuru)

Nilisema uso wa gurudumu! Pale linapokanyaga reli hapapakwi kitu, wala kwenye injini, umeme unapita hapo. Chukua pamba na spiriti sasa hivi.