Naomba ushauri: meza ya kusomea, MDF au plaiwudi?

Wakuu, natafuta meza ya mwanafunzi ya bei nafuu kwa chumba cha kupanga hapa Dar. Nafasi iliyopo ni sentimita 100 kwa 60, kimo 75. Mafundi wa Keko wana njia mbili: MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) yenye droo, au plaiwudi ya milimita 18 juu ya miguu ya chuma. MDF inapendeza kweli, ila chumba kinapigwa deki kila siku. Maji yakiingia ukingoni inavimba na skrubu hazishiki tena. Plaiwudi ya milimita 12 naiogopa, itabonyea katikati. Je, miguu ya chuma ikiungwa nyuma kwa chuma cha mshazari itaacha kuyumba? Au nichukue mbao za paini zilizokaushwa vizuri?