Naomba ushauri: alama za mabegani za ofisa wa Prussia (ufalme wa zamani wa Ujerumani), ni za kabla au baada ya 1915?

Wakuu, naombeni macho yenu kwenye jozi hii. Ni kamba bapa za fedha zilizolazwa sambamba bila kusukwa, kwa hiyo si za meja kwenda juu. Zina nyota 2 za rangi ya dhahabu, yaani Hauptmann (kapteni), na namba 52 juu ya kitambaa chekundu. Wekundu unakubaliana na Kikosi cha 52 cha mji wa Cottbus, kilichokuwa chini ya Korpsi ya III (kundi kubwa la vikosi).

Nyuzi nyeusi ndani ya fedha zinaelekeza Prussia. Bavaria, ufalme mwingine wa Ujerumani, ilitumia buluu. Schutztruppe (jeshi la kikoloni la Wajerumani) ya Afrika Mashariki nimeiondoa, maana kamba zao zilichanganya nyeusi na nyekundu. Za Wehrmacht (jeshi la Ujerumani enzi za Hitler) hazina weusi, na alumini yake haifanyi kutu nyeusi kama fedha.

Panaponisumbua ni pawili. Kwanza, kamba zimefifia kijivu. Je, ni kutu ya fedha, au ni zile zilizofifishwa makusudi kwa kanuni za Septemba 1915? Nimechungulia chini ya mkunjo wa kitanzi cha kifungo, pasipofikiwa na hewa: bado panang'aa kidogo.

Pili, kuna tundu la tatu kati ya nyota hizo mbili. Laweza kuwa la nyota moja ya Oberleutnant (luteni wa kwanza) kabla ya kupandishwa cheo, au muuzaji ameongeza nyota ili bei ipande. Kitambaa kilichokuwa chini ya nyota hizi hakina alama ya kukandamizwa, na hilo silipendi.

Taa ya urujuanimno, inayoweza kufichua nyuzi za kisasa, haikuwakisha uzi wowote. Nipime nini kingine bila kufumua mshono?