Naomba ushauri: sukari ya mpwa wangu imeshuka, mbona bado yuko kwenye dripu ya insulini?

Mjomba wa Morogoro:
Habari za jioni, ndugu zangu. Mpwa wangu wa miaka 12 alianza kwa kiu kali, kukojoa usiku kucha na kukonda, kisha akawa anatapika. Jana alipoanza kuhema kwa nguvu, pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, tulimkimbiza hospitali, tukaambiwa ana kisukari aina ya kwanza na kwamba damu yake imejaa asidi ya ketoni. Leo sukari imeshuka kutoka 29 hadi 13, lakini bado anapewa insulini kwenye mshipa, na sasa wamemwongezea dripu ya glukosi, ilhali sukari ndiyo iliyomlaza. Je, atapona? Na akirudi nyumbani, siku asipokula tumchome sindano?

Nesi wa Zamu:
Pole sana, kaka. Wanavyofanya ndivyo inavyotakiwa. Mwili uliokosa insulini hushindwa kutumia sukari, ukageukia mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayozalisha ketoni. Sukari hutangulia kushuka na ketoni huchelewa kuisha. Kwa hiyo insulini huendelea, na glukosi huwekwa ili sukari isiporomoke. Insulini pia huisukuma potasiamu kutoka kwenye damu na kuiingiza katika seli, na potasiamu hiyo ikipungua mno kwenye damu mapigo ya moyo huvurugika, ndiyo maana anatolewa damu kila baada ya saa chache. Kwa mtoto, maji hurudishwa taratibu, kwa saa 24 hadi 48, kwa kuwa tunachohofia zaidi ni ubongo kuvimba. Akilalamikia kichwa kuuma sana au akawa mzito kuamka, mwite muuguzi papo hapo, usisubiri raundi ya daktari.

Mama Kijana:
Kabla ya mwaka 1922, insulini ilipoanza kutumika kwa wagonjwa huko Toronto, Kanada, hali hiyo ilikuwa kifo. Leo wengi wanaowahishwa hupona, na mwanangu ni mmoja wao. Sindano msiiache kabisa hata siku asipokula, kwa sababu akiugua, homa yenyewe hupandisha sukari. Dozi ipunguzwe kwa maelekezo ya kliniki tu, sukari ipimwe kila baada ya saa 3 au 4, ketoni zipimwe kwenye mkojo, na anywe maji. Akitapika mfululizo, mrudisheni hospitali.

Mjomba wa Morogoro:
Ahsanteni sana. Bibi yake alitaka apumzishwe sindano akitoka, nami nitamsomea haya yote. Ila friji ya kuwekea insulini hatuna.

Nesi wa Zamu:
Chupa ya insulini ifungeni kwenye mfuko usiopenyeza maji, muiweke ndani ya chungu cha udongo kilichozungushiwa mchanga wenye unyevu, kivulini. Ikishafunguliwa, mwezi ukiisha chukueni nyingine.