Propofoli au ketamini? Mwanangu anapasuliwa Jumanne, naombeni ushauri

MamaNuru: Habari zenu wakuu. Mwanangu ana miaka 3, kilo 14, Jumanne anafanyiwa upasuaji wa henia. Daktari wa usingizi kasema atampa propofoli, miligramu 3 kwa kila kilo, akishalala anawekewa LMA kooni ya kupitishia hewa. Jirani yangu nesi anasema watoto hupewa ketamini, hiyo nyingine inakata pumzi. Silali. Nimwambie daktari abadilishe?

Bonge la Tanga: Mimi nilipigwa nusukaputi ya ketamini nikishonwa mguu. Nikaona dari linashuka, marehemu babu kakaa juu ya kabati. Nilipozinduka nikamtukana nesi wa watu. Ikimbie hiyo.

Mtumishi: Umeshamwombea mtoto? Anza hapo.

FundiUsingizi: Pole mama. Jirani ana hoja: ketamini humwacha mgonjwa apumue mwenyewe na presha haishuki. Ila mate yanaongezeka na koo linabaki macho, ukiingiza LMA mtoto anaweza kukohoa, kung'ata, au koo likajifunga. Propofoli inalegeza taya na kutuliza koo, kifaa kinapita vizuri. Ubaya wake inauma ikiingia mshipani, inashusha presha, na kweli pumzi inaweza kusimama kidogo, ndiyo maana mtaalamu anakaa na maski na oksijeni mkononi. Ipo pia sevoflureni ya kuvuta, inawafaa wanaoogopa sindano. Mtoto ana mafua, kikohozi, pumu?

MamaNuru: Mzima tu.

FundiUsingizi: Wiki hii yote hajakohoa?

MamaNuru: Ana kamafua tangu Ijumaa. Na kikohozi cha usiku. Nimempa dawa, kimepungua. Daktari sijamwambia kwa sababu tarehe hii tumeingoja miezi, ruhusa kazini nimeshapata, baba yake kaja kutoka Mwanza. Nikisema tu, wanaahirisha.

Kiroboto: Hii chai. Mzazi gani anajua miligramu kwa kilo? Mwanachuo huyo, kapewa swali anataka tumfanyie.

Bonge la Tanga: Hata mimi nimeshtuka. Na Fundi kajibu kama anasahihisha mtihani.

MamaNuru: Kilo ziko kwenye kadi ya kliniki. Dozi nilimuuliza daktari, nikaiandika nyuma ya karatasi ya vipimo. Kuuliza dawa anayopewa mwanangu ni kosa?

FundiUsingizi: Awe mama awe mwanachuo, jibu ni lile lile. Koo la mtoto mwenye mafua linajifunga upesi, na hali hiyo hubaki wiki 2 au zaidi hata makamasi yakikauka. Hakuna dawa kati ya hizo inayofuta hatari hiyo. Mpigie daktari leo. Makamasi mepesi bila homa, wanaweza kuendelea. Kifua kikikoroma, wataahirisha, na henia inayorudi ndani inasubiri. Ikivimba ikawa ngumu, mtoto analia na kutapika, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

MamaNuru: Lakini kikohozi kimepungua.

Mtumishi: Dada, piga simu. Maombi tunaendelea nayo.

MamaNuru: Nimepiga. Kesho asubuhi nimpeleke wamsikilize kifua. Hakugomba. Uji anywe?

FundiUsingizi: Kesho anywe. Siku ya upasuaji, uji na chakula mwisho masaa 6 kabla, maji matupu masaa 2, labda wakupangie vingine.

Bonge la Tanga: Fundi usiondoke. Nina upasuaji wa goti mwezi ujao, naruhusiwa kuikataa ketamini?