Kumpeleka mama Tarpon Springs, kwenda na kurudi siku moja

Kutoka: Mama Wawili, Orlando

Wanajumuiya, salaam. Wakubwa shikamooni.

Mama yangu yupo hapa kwa matembezi, katoka Tanga. Disney hataki hata kuisikia, anasema hawezi kusimama kwenye foleni juani ili akamwone panya. Anataka bahari, na watu wanaofanya kazi inayoeleweka. Nimesikia kuna mji wa Wagiriki hapa hapa Florida, huko Tarpon Springs. Kuna aliyewahi kumpeleka mtu mzima? Magoti yanamsumbua, na nyama hali mpaka ajue imechinjwaje. Nina Jumamosi moja tu.

Kutoka: Baba Nasra, Tampa

Mama Wawili, mfikishie mama shikamoo yangu. Mpeleke, ataupenda, ila tokeni mapema. Kutoka kwenu ni kama saa mbili barabara ikiwa nyeupe, na barabara kuu ya I-4 siku ya Jumamosi haikawii kujaa. Mimi ningekuwa njiani saa 12 na nusu asubuhi. Mkifika Tampa, Veterans Expressway itawatoa haraka kuelekea kaskazini, lakini ni ya kulipia na hakuna kibanda cha kupokea pesa taslimu: kamera inasoma namba ya gari na bili inakuja nyumbani. Kama gari ni la kukodi, waulize kwanza wanatozaje, maana wapo wanaopachika ada yao juu ya ada. Ukikataa kulipa kuna barabara ya US 19, taa za kusimamisha magari moja baada ya nyingine. Kwa mwenye magoti sikushauri.

Nendeni moja kwa moja Dodecanese Boulevard, ndiko zilipo gati za sifongo. Upande mmoja maduka na mikahawa, upande wa pili mto Anclote na maboti. Ni tambarare, hakuna ngazi za kumtesa mama. Mteremshe kwanza ndipo ukahangaike na maegesho, maana viwanja vingi pale ni vya watu binafsi na ni vya kulipia.

Mji mzima umesimama juu ya sifongo, yule mnyama wa baharini. Zamani walimvua kutoka juu ya mashua kwa mti mrefu wenye ndoana. Mwaka 1905 mfanyabiashara Mgiriki, John Cocoris, akaleta wazamiaji kutoka kwao, wakashuka na kofia za shaba na mpira wa kuwaletea hewa, wakafika kwenye kina ambacho ndoana ilikuwa haifiki. Waliofuata wengi walitoka visiwa vya Kalymnos, Symi na Halki, vya kundi la Dodecanese, ndiyo maana mtaa una jina hilo. Mwaka 1947 maradhi yakaingia baharini, sifongo wakafa kwa wingi, na mji ukajikuta unaishi kwa watalii. Ila kazi haijafa. Kuna maboti yanatoka mpaka leo, na katika miji yote ya Marekani huu ndio wenye sehemu kubwa zaidi ya wakazi wenye asili ya Ugiriki.

Pandeni boti la maonyesho, ni safari fupi. Mzamiaji anavalishwa lile vazi la zamani, kofia inafungwa shingoni, anatumbukia mtoni, anarudi na sifongo mkononi. Mwambie mama aombe kumshika sifongo mbichi kama yupo. Ni mweusi, anateleza kama ini, na ana harufu ya kukukumbusha soko la samaki saa 9 mchana. Huachwa sitahani chini ya magunia mabichi mpaka ile ngozi ioze, kisha wanamkwangua, wanampiga, wanamsuuza, wanamtunga kwenye kamba. Kinachouzwa dukani ni mifupa yake tu, tuseme hivyo. Ukinunua, chukua aina ya sufu, ndiyo inayodumu. Pembeni wanauza na dodoki, hilo ni mmea, usije ukalilipia bei ya sifongo.

Chakula: nyama pale si ya kuchinjwa Kiislamu, kwa hiyo gyro, ule mkate wao wa nyama, msahau. Samaki, ngisi na pweza wa kuchoma wapo wa kutosha. Angalizo: kuna jibini wanaiwasha moto mezani huku wakipiga kelele za "Opa!", inaitwa saganaki. Ule moto ni brandi. Na kome mara nyingi wanapikwa na mvinyo, uliza. Saladi yao ya Kigiriki ina viazi vya mayonezi vimejificha chini ya majani. Hilo ni la huku Tampa Bay, mkahawa wa Louis Pappas ndio ulioanzisha, Ugiriki kwenyewe hawalijui. Mwishoni mwagizie mama loukoumades. Ni kaimati zilizotiwa asali na mdalasini, atakwambia zake ni bora, na wewe kubali.

Kutoka: Wa Riruta, St. Petersburg

Baba Nasra umesema vyema lakini umemfungia mama wa watu gatini siku nzima. Maduka yale ukishaingia mawili umeingia yote: sabuni, sumaku za friji, fulana. Saa mbili zinatosha kabisa.

Baada ya hapo panda gari, ni mwendo mfupi hadi Kanisa Kuu la Mtakatifu Nikolao, Pinellas Avenue. Lilijengwa mwaka 1943 kwa kufuata mtindo wa Hagia Sophia, lile jengo la kale la Istanbul, na lina marumaru iliyotoka kwenye banda la Ugiriki katika maonyesho ya dunia ya New York ya 1939. Mimi nimekulia Waorthodoksi wa Nairobi, kwetu hizi picha za watakatifu si kigeni, lakini hata asiye wa dini hii atakaa kimya akiangalia juu. Mabega yafunikwe, na kama kuna ibada simu iwe mfukoni.

Karibu na hapo kuna ghuba ndogo, Spring Bayou. Tarehe 6 Januari, sikukuu ya Epifania, wanapokumbuka ubatizo wa Yesu, askofu mkuu hutupa msalaba majini na vijana wa miaka 16 hadi 18 wanaruka kuugombea. Anayeupata anabarikiwa kwa mwaka mzima. Siku hiyo usilete mtu mwenye magoti, mji hauna pa kukanyaga. Siku nyingine ni benchi, kivuli na maji yaliyotulia, na miezi ya baridi nguva huingia humo kutafuta joto.

Jingine ambalo vibao vya watalii havilipi nafasi ya kutosha: watu weusi, wa hapa na wa kutoka Bahamas, walifanya kazi ya sifongo hata kabla ya Wagiriki kufika, na baadaye wengine walipanda maboti ya Wagiriki wakajua hata lugha yao. Wamezikwa Rose Cemetery, humo humo mjini. Sisi tukienda tunapita.

Kutoka: Mjambiani, Atlanta

Nadandia tu. Sifongo hata kwetu Unguja wapo. Jambiani kuna akina mama waliokuwa wakilima mwani, bei ikawa haina maana na maji yakawa moto mno kwa mwani, wakageukia kulima sifongo. Wanawafunga kwenye kamba baharini, wanawasafisha, wanauza kwa watalii na mahoteli. Florida wao wanavua wa porini, na sheria inataka awe na upana wa angalau inchi 5. Mzamiaji mwenye akili anakata kwa kisu na kuacha kipande cha chini kiote tena. Kwa hiyo mama akiulizwa pale kama anajua sifongo ni nini, ana la kuwaambia.

Na mkitaka kuogelea, ufukwe wa Fred Howard uko karibu, njia yake inapita katikati ya maji. Tangu kimbunga Helene cha 2024 angalieni kwanza kama uko wazi. Mkiingia majini buruzeni miguu, taa, wale samaki wenye mwiba mkiani, wanalala kwenye mchanga.

Kutoka: Mama Wawili, Orlando

Ahsanteni sana, nimemsomea mama yote. Ya taa kasema nisimfundishe. Ya Wagiriki kasema anawajua: babu alifanya kazi kwenye shamba la mkonge la Mgiriki, huko Muheza, wala hana hamu ya kuwasifu. Swali lake ni moja: huyo pweza wanampiga kabla ya kumpika, au wanamtupa jikoni hivyo hivyo?

Kutoka: Baba Nasra, Tampa

Mwambie Wagiriki nao humpiga kwenye mawe tangu zamani. Wa mkahawani mara nyingi anatoka kwenye friji, kugandishwa nako kunamlainisha. Akija mgumu mrudishe, hapa hawanuni. Na fikeni mezani kabla ya saa 6, baada ya hapo mtasubiri.